Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Vikao vya kamati vimefanyika, semina ya kukinga ruta umeme unaporudi imefanyika, wanachama wapya wamepokelewa. Hayo mnayajua.

Niingie kwenye uamuzi wa kukataa bando la fidia, lile ambalo kampuni ya intaneti ilitupa baada ya faiba yetu kukatika, maana maneno yamekuwa mengi kwenye grupu kwamba mwenyekiti amewanyima watu haki yao. Si kweli. Fomu ya kupokea lile bando ilikuwa na kifungu cha chini kabisa: ukisaini, madai yako yote ya mwezi ule yamefungwa. Kifungu hicho nilikigundua mimi, na ndiyo sababu hadi leo tuna cha kudai.

Mkataba wa faiba ya biashara unaahidi intaneti kupatikana asilimia 99.5 ya muda wa mwezi. Mwezi wa siku 30 una saa 720, hivyo kukatika kunakoruhusiwa ni saa 3 na dakika 36 tu. Kwa ada ya intaneti ya sh. 180,000 kwa mwezi, kila saa inayozidi ni fidia ya sh. 250. Wapo wanaosema hela hiyo haifai hata kuandikia barua. Someni mbele: saa za kukatika zikizidi 48 kwa mwezi, mteja anavunja mkataba bila faini. Tunachopigania ni saa, na bando lingezifuta.

Tatizo ni ushahidi. Saa zinahesabiwa tangu upewe namba ya tiketi, yaani namba ya kupokelewa kwa taarifa yako ya hitilafu, si tangu intaneti ikatike. Wengi walikaa kusubiri irudi, wakapiga simu jioni. Mchana mzima ukapotea. Wengine walileta vipimo vya Wi-Fi, kampuni ikasema ruta ya mteja ndiyo mbovu. Pimeni kwa waya. Taa ya LOS kwenye kifaa cha faiba ikiwa nyekundu, yaani mawimbi ya faiba hayafiki, hakikisha waya wa njano wa faiba haujakunjwa, piga picha, fungua tiketi. LOS ikiwa imezima na intaneti hakuna, endesha tracert, amri ya kompyuta inayoonyesha data inaishia wapi njiani, na uhifadhi majibu.

Kampuni inasingizia kebo za baharini. Tarehe 12 Mei 2024, kebo za EASSy na Seacom zilipokatika, utetezi huo ungekubalika. Mwezi tunaoudai, tracert zetu ziliishia ndani ya mtandao wao wenyewe, hapa hapa Dar es Salaam. Tumeziambatisha kwenye barua ya malalamiko, kwa sababu TCRA, mamlaka ya mawasiliano, inataka mtoa huduma alalamikiwe kwanza. Wasiporidhisha, tunakwenda huko.

Mahudhurio yanaumiza. Wanachama ni 64, waliolipa ada ya uanachama 23, waliofika kikao cha madai 11. Makusanyo sh. 690,000, matumizi sh. 512,000 (mwanasheria, nakala, nauli), malimbikizo sh. 1,230,000. Wanaolalamika zaidi kwenye grupu wamo kwenye malimbikizo hayo, na barua imewatetea wao pia.

Mwaka ujao, Mungu akijalia, tunatarajia kuzungumza na mtoa huduma wa pili na kupata laini ya akiba, kadiri mfuko utakavyoruhusu.

Wenye namba za tiketi, mkabidhini katibu leo kabla ya kuondoka.

Mwenyekiti