Yai la dinosaria halichimbwi kisimani Shela

Mhariri,

Tupe nafasi katika safu ya barua tuseme na wenye maduka ya vinyago wa Malindi na Lamu, ambao mara kwa mara huletewa jiwe la duara limefungwa kitambaa na kuambiwa ni yai la dinosaria.

Kabla ya bei, uliza limetoka wapi. Ukiambiwa limechimbwa kisimani Shela au limeporomoka kwenye korongo la Marafa, mrudishie mwenyewe mzigo wake. Dinosaria walitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Vilima vya Shela ni mchanga wa upepo, na mwamba wa matumbawe tunaojengea nyumba pwani hii ni wa juzi tu kwa hesabu ya mawe. Mchanga wa Marafa una umri zaidi, lakini nao ulikuja dinosaria wakiwa wamekwisha zamani. Kenya mifupa yao imepatikana Turkana. Tanzania imepatikana Tendaguru, Lindi, walikochimba Wajerumani kati ya 1909 na 1913. Mayai yaliyozagaa katika soko la dunia mengi asili yake ni China, hasa mikoa ya Henan na Guangdong.

Umbo halithibitishi chochote. Jiwe la mtoni husuguliwa na maji likatoka yai kamili. Kuna na madonge yanayojijenga ardhini, madini yakiganda kuzunguka punje fulani. Mengine hupasuka kwa ndani, nyufa zikajaa fuwele, na kwa nje yakafanana na gamba la kobe. Hayo ndiyo yanayowapoteza hata wasomi. Ukilikuta limekatwa, utaona nyufa ni pana katikati na husinyaa zikielekea nje, na jiwe ni lilelile kutoka ukingoni hadi kiini.

Kinachotafutwa ni ganda. Azima lenzi ya sonara, ile ya kukuza mara kumi, utafute mahali palipovunjika utazame ubavu. Ganda halisi ni utepe unaojitenga waziwazi na jiwe lililojaa ndani, mara nyingi ukiwa na rangi nyingine. Katika mayai marefu ya jamii ya oviraptori, dinosaria wenye mdomo kama wa ndege, unene wake ni kama milimita 1. Katika mayai ya mviringo ya wale wakubwa wenye shingo ndefu hufika milimita 2 na kupita. Ndani ya utepe huo utaona nguzo ndogondogo zimesimama bega kwa bega, zikianza na vinundu upande wa ndani. Uso wa nje una vitundu vya kupitisha hewa, na juu yake vipele au mikunjo. Usivichanganye vitundu hivyo na viputo vya hewa vya plasta iliyomiminwa kwenye kalibu: viputo huwa duara kabisa, vya ukubwa tofauti, na hukusanyika popote. Kalibu huacha pia mshono, japo fundi mzuri huupiga msasa.

Ulaghai mgumu zaidi ni ule unaotumia ganda la kweli. Vipande vya ganda ni rahisi kupatikana kuliko yai zima, basi fundi hufinyanga kiini cha saruji au resini (plastiki ya maji inayoganda), akakivika vipande kama mtu anayepamba ukuta kwa vigae vilivyovunjika. Chini ya lenzi kila kipande ni halisi. Yai lenyewe ni la karakana. Hapa tazama jinsi vipande vinavyokaa. Yai lililopasuka kwa uzito wa udongo hupasuka kama sahani: kingo za majirani hulingana, hapa kipande kimedidimia, pale kimepanda juu ya mwenzake. Vya kubandikwa hulala usawa mmoja, na kati yao kuna ujia wa gundi iliyotiwa mchanga. Angalia na mikunjo: katika yai refu hufuata urefu wake, sasa ukiiona kipande hiki inakwenda kaskazini na cha pili magharibi, umeshapata jibu. Kipande cha yai kubwa kikiwekwa juu ya yai jembamba nacho hubenuka kingo. Tumeona hata vipande vilivyogeuzwa, ndani nje.

Taa ya kukagulia noti bandia husaidia sana. Ukilimulika gizani, gundi na resini nyingi hung'aa rangi ya maziwa au samawati. Kisha chovya pamba katika asetoni, usugue sehemu ndogo upande wa chini. Pamba ikitoka na rangi, jiwe limepakwa. Lakini gundi peke yake haimaanishi uongo, maana hata mafundi wa makumbusho huimarisha nyufa kwa gundi inayoyeyuka kwa asetoni. Unachopima ni kiasi gani cha ganda kiko mahali kilipotagwa.

Wapo wanaodondosha siki. Ganda ni kalsiti, madini ya chokaa, kwa hivyo litatoa povu. Tumbawe na chokaa vitatoa povu vilevile, na siki italila ganda. Siki ibaki kwenye achari.

Uzito una maana zaidi. Lipime yai kwa gramu, livike mfuko mwembamba wa plastiki unaobana, lizamishe kwenye ndoo iliyojaa pomoni, upime kwa mililita maji yaliyomwagika. Gawanya gramu kwa mililita. Yai lililogeuka jiwe huwa kati ya 2.2 na 2.7: la sentimita 15 kwa 7 litakaribia kilo moja. Resini tupu ni 1.2 hivi, plasta nayo haifiki 2. Saruji hupita mtihani huu, ndiyo maana hatuuweki wa kwanza.

Ukiambiwa ndani kuna mtoto, dai picha za CT, zile za hospitali zinazoonyesha ndani tabaka kwa tabaka, maana viinitete ni adimu mno na eksirei ya kawaida mara nyingi haitenganishi mfupa na jiwe. Hata lebo yenye jina la mnyama isikuzuzue. Mayai yaliyopatikana Mongolia mwaka 1923 yaliitwa ya Protoceratops, dinosaria mla majani, kwa miaka 70, hadi kiinitete kilichopatikana 1993 kikaonyesha aina hiyo ya yai ni ya jamii ya oviraptori.

Na likishinda yote hayo, bado kuna karatasi. China, Mongolia na Argentina haziruhusu visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka jiwe, vitoke kiholela, basi yai halisi lisilo na kibali cha nchi lilikotoka huenda ni la magendo. Hapa kwetu ipo Sheria ya Makavazi na Urithi wa Taifa ya 2006: kutoa kisukuku nchini kunahitaji kibali, na anayekigundua hupaswa kutoa taarifa. Anayedhani kweli ameokota kisukuku asikibandue wala kukiosha. Akipige picha pamoja na rula au sarafu kuonyesha ukubwa, aandike mahali hasa kilipo, kisha apeleke habari makumbusho ya Malindi au ya Lamu.

Wafuatiliaji wa visukuku,
Malindi