Kabla hujapiga kura ya ukuta

Sahibu yangu,

Barua yako nimeipata, nikaisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Hongera kwa kuingia kwenye kamati ya mipango ya pwani, na pole pia. Umeniuliza swali moja tu: ukuta wa kuzuia bahari ujengwe au usijengwe? Nitakuzungusha kidogo kabla sijajibu, univumilie.

Tuanze na hesabu, maana kikaoni kila mtu atakuja na yake. Kati ya 1901 na 2018 wastani wa usawa wa bahari duniani ulipanda kama sentimita 20. Yupo atakayesema, sentimita 20 kwa zaidi ya miaka 100, kelele za nini? Mwonyeshe mwendo. Hadi 1971 bahari ilipanda kama milimita 1.3 kwa mwaka. Kati ya 2006 na 2018 ikawa milimita 3.7. Maji yakipata joto hutanuka, na barafu ya nchi kavu inayeyuka na kuteremkia baharini. Ripoti ya 2021 ya Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi inakadiria kwamba kufikia 2100 bahari itapanda sentimita 28 hadi 55 hivi ikiwa dunia itajibana kwelikweli na kupunguza gesi zinazoipasha joto, au kufikia kama mita moja ikiwa gesi hizo zitaendelea kuongezeka. Hata hiyo mita moja hawakusema ndiyo mwisho.

Sasa utaona kwa nini wahandisi wanakuna vichwa. Ukuta wa sentimita 30 huenda ukafunikwa. Ule wa mita moja utazifilisi hazina za leo kwa maji ambayo pengine wajukuu ndio watakaoyaona. Na wastani wenyewe haumzamishi mtu. Kinachoua ni bamvua, yaani maji yakijaa kupita kawaida, likikutana na dhoruba, kama ilivyotokea Uholanzi usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953, wakafa watu zaidi ya 1,800. Kila sentimita inayoongezeka chini ni ngazi ya kulipandisha bamvua la namna hiyo juu zaidi.

Kuhusu kuta, nikusimulie nilichokiona. Nilipelekwa kukagua ukuta mmoja, wima, imara, hauna hata ufa. Maji yalikuwa yamepwa. Nikashuka kwa ngazi ya zege ya kwenda ufukoni, nikafika kidato cha mwisho, chini yake hewa tupu. Ilibidi niruke. Nilipogeuka, kidato kile kilinifika kiunoni. Siku kilipojengwa kilikuwa kimelala mchangani. Wimbi likigonga ukuta wa namna ile halifi, hurudi na nguvu zake na kuchota mchanga miguuni mwa ukuta. Mhandisi niliyekuwa naye akasema ukuta umefanya kazi yake, nami siwezi kumbishia: nyumba za nyuma zilikuwa kavu. Ila ufuko haupo tena. Mikoko nayo ikisukumwa na maji hutaka kurudi nyuma ipate pa kuota, na ikikuta zege inakufa pale pale.

Kwa hiyo sikwambii upinge ukuta. Penye bandari au mji mkubwa, utajengwa tu. Ninachokuomba ni kulibadilisha swali. Waulize: kipimo gani cha maji kikifikiwa, tutafanya nini, na nani atalipa? Mpango wa mlango wa mto Thames, London, uliotolewa 2012, umejengwa hivyo. Haukufunga uamuzi kwenye mwaka mmoja. Unafuatilia dalili zinazopimwa, na bahari ikikaza mwendo, hatua zinasogezwa mbele. Huo ndio mpango ninaouonea wivu, japo hauna jiwe la msingi la kuzindua wala utepe wa kukata, na nadhani ndiyo maana wanasiasa wengi hawaupendi.

Wavuvi nao waingie chumbani mapema. Uholanzi walitaka kuziba kabisa lango la Oosterschelde, mkono wa bahari unaoingia nchi kavu. Wavuvi na watetezi wa mazingira wakagoma, na kilichokamilika 1986 ni kizuizi chenye milango inayobaki wazi, hufungwa dhoruba ikija. Maji ya chumvi bado yanapita, na chaza wapo.

Halafu kuna neno ambalo hakuna atakayetaka kulitamka kikaoni: kuhama. Litamke wewe. Soulac-sur-Mer, Ufaransa, kulikuwa na jengo la ghorofa liitwalo Le Signal, lililojengwa miaka ya 1960 kama mita 200 kutoka baharini. Ufuko ukaliwa mwaka baada ya mwaka, na 2014 wakazi wakaamriwa watoke. Walipodai fidia ya maafa wakaambiwa mmomonyoko wa polepole si maafa ya ghafla, haumo kwenye mfuko wa fidia hiyo. Walihangaika miaka kadhaa ndipo wakapatiwa fedha, na jengo likabomolewa 2023. Fikiria, bahari iliwapa taarifa ya miaka mingi, na bado sheria ikakutwa haina kifungu chao! Kamati yenu ikiandika kanuni za fidia kabla hajahamishwa hata mtu mmoja, mtakuwa mmewapita Wafaransa.

Mengine tutazungumza tukionana. Kwa sasa nitumie nakala ya ramani mnayoitumia, ile yenye mstari wa maji makuu. Ila kabla hujaituma, angalia pembeni, kwa maandishi madogo, mstari huo ulipimwa mwaka gani.

Wako akupendaye