Kikohozi cha baada ya TB si TB kila mara

Ndugu Mhariri,

Kila inapokaribia tarehe 24 Machi, Siku ya Kifua Kikuu Duniani, magazeti yetu huandika vizuri juu ya kupima makohozi na kumaliza dozi. Naomba nafasi niwasemee waliomaliza dozi, wakapona, na bado wanakohoa.

Mdogo wangu alikuwa mwanaapolo, yaani mchimbaji mdogo wa tanzanaiti, Mererani kwa miaka kumi na mmoja. Aliugua TB, akameza dawa miezi sita bila kuruka siku, makohozi yakawa safi. Miaka miwili baadaye kikohozi kikarudi. Asubuhi moja nilimkuta ameinamia beseni la bluu, ndani mna damu mbichi ya kujaza kikombe cha chai. Akaanzishwa tena dawa za TB, ingawa GeneXpert, kipimo cha kutafuta TB kwenye makohozi, ilitoa majibu hasi. Zilipokosa kumsaidia, akaambiwa ni pumu, akapewa prednisoloni, dawa inayopunguza nguvu ya kinga ya mwili. Alikonda hadi nikawa namtobolea mkanda matundu mapya kwa msumari.

Aliyegundua tatizo ni daktari kijana aliyeiinua eksirei dirishani akaniita: "Sista, njoo uone." Juu ya pafu la kulia palikuwa na shimo lililoachwa na TB. Ndani yake mlikuwa na bonge la mviringo, na juu ya bonge ukanda mwembamba mweusi wa hewa, mfano wa mwezi mwandamo. Akapigwa picha nyingine akiwa amelala kiubavu, bonge likawa limehama. Lilikuwa kuvu, aina ya aspajilasi, ndugu wa ukungu tunaouona kwenye mahindi yaliyoloa.

Nimefanya kazi ya uuguzi miaka thelathini na moja, lakini swali moja lilininyima usingizi: chembe nyeupe za damu zilikuwa wapi muda wote huo? Nilimuuliza daktari, akanifafanulia kwa subira.

Vijidudu vya kuvu hili tunavivuta sote kila siku, kwa mamia. Kwenye vifuko vya mapafu vinakutana na makrofaji, seli zinazomeza na kuyeyusha. Kijidudu huingia kimejifunika utando unaokificha. Kikianza kuvimba ili kiote, utando hupasuka, sukari ya ukuta wake hubaki wazi, na hapo makrofaji huitambua na kupiga mbiu. Nyutrofili, aina nyingine ya chembe nyeupe, huja mbio kutoka kwenye damu. Kuvu likishaota nyuzi ndefu zisizomezeka, nyutrofili huzimwagia sumu, na nyingine hujipasua zikarusha wavu uliosukwa kwa DNA yao zenyewe. Kwa mtu mzima wa afya, vita huishia hapo bila yeye kujua.

Kwa mdogo wangu mambo yaliharibika tangu mwanzo. Vumbi la mawe huua makrofaji zinapolimeza, naye alikuwa akitoka shimoni uso mzima umekolea kijivu kinachong'aa. Kisha TB ikamwachia pango, na bonge linaloota humo halina mshipa wa damu hata mmoja. Seli zinajikusanya ukutani, zinashambulia, sumu zake zinauchubua ukuta wa pafu lenyewe. Mishipa mipya inaota pale, myembamba, inayopasuka kwa kikohozi tu. Ndiyo damu ile ya kwenye beseni. Kingamwili, protini ambazo mwili huzitengeneza dhidi ya kuvu, nazo hutengenezwa kwa wingi, ila haziwezi kulimaliza bonge. Faida yake kubwa ni kwamba kipimo cha damu huzinasa na kutufichulia ugonjwa. Na ile prednisoloni aliyopewa kwa pumu ambayo hakuwa nayo iliwafunga mikono askari wachache waliokuwa bado wanapigana. Hilo linaniuma mpaka leo, maana mimi ndiye niliyekuwa nikimhesabia vidonge.

Wala hakuwa peke yake. Watafiti waliofuatilia watu waliotibiwa TB kule Gulu, Uganda, walichapisha mwaka 2019 kwamba karibu 5 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa huu. Kwa waliobaki na mashimo mapafuni, ilikuwa zaidi kidogo ya robo. Shirika la Afya Duniani nalo mwaka 2022 liliweka kuvu hili katika kundi la juu kabisa la kuvu za kupewa kipaumbele.

Kwa hiyo naiomba Wizara ya Afya: kipimo cha kingamwili za aspajilasi na vidonge vya itrakonazoli, dawa ya kupambana na kuvu, vifike hospitali za mikoa, si vya kuwindwa mjini kwa pesa ya kuuza mbuzi. Na madaktari wetu, tafadhali, makohozi yakiwa hasi msikimbilie kurudia dozi ya TB. Rifampisini, mojawapo ya dawa za TB, huifanya itrakonazoli ivunjwevunjwe mwilini kabla haijafanya kazi, kwa hiyo kumpa mgonjwa zote mbili "kwa tahadhari" ni kumnyima tiba.

Mdogo wangu yuko mwezi wa nane wa itrakonazoli. Damu imekoma, kilo sita zimerudi. Kwa msomaji aliyemaliza dozi na bado anakohoa: nenda na eksirei yako ya zamani. Daktari alitaka kulinganisha shimo la wakati ule na la sasa, nasi ile ya kwanza tulikuwa tumeziba nayo dirisha la jikoni.

Muuguzi mstaafu,
Usa River, Arusha