Barua kwa mwanangu anayehubiri Jeevanjee

Baba,

Nimekuita hivyo tangu uzaliwe kwa sababu umebeba jina la babangu. Leo nakuandikia kama binti anayemweleza mzee wake jambo, kwa heshima, ila usinikatize.

Ulivyonipigia Jumatano nilisikia umevunjika moyo. Wiki tatu unasimama bustani ya Jeevanjee saa saba mchana, Biblia mkononi, na watu wanakutazama kama wanavyotazama matangazo ya ploti za Kitengela. Yule mzee wa benchini ukampa kijikaratasi cha injili, akajikinga nacho jua. Nilicheka, nisamehe. Lakini ulijua yuko pale kwa nini? Bustani hiyo A.M. Jeevanjee aliwapa watu wa mji mwaka 1906, na hadi leo ni mojawapo ya sehemu chache katikati ya Nairobi unapoweza kukaa bila kuulizwa unanunua nini. Kuna walioketi hapo saa hiyo kwa kuwa hawana ya chakula cha mchana. Wanangoja saa nane, warudi kazini wakijifanya wameshiba. Ukimpazia mtu kama huyo sauti kuhusu mkate wa uzima, usishangae akitazama kando.

Sikulaumu. Mimi nilikuwa mbaya zaidi. Mwaka niliookoka nilimhubiria mama mmoja ndani ya matatu ya 46, kutoka mjini hadi Kawangware, njia nzima. Alikuwa analia, nami nikadhani ni Roho anamgusa. Aliposhuka ndipo nikaiona bahasha ya eksirei kwapani mwake. Hata jina sikuwa nimemuuliza. Miaka mingi nimekuwa nikimtafuta kwa macho pale steji.

Fungua Yohana 4. Sijui nimeisoma mara ngapi nikiliruka jambo hili: Yesu amechoka, ameketi kisimani saa sita, na neno lake la kwanza kwa yule mwanamke Msamaria ni "Nipe maji ninywe." Anaomba! Hana hata chombo cha kutekea, na mwanamke anamwambia hivyo waziwazi. Amekuja kuteka peke yake juani, halafu mgeni anamwomba kitu ambacho yeye anacho. Habari za waume watano zinakuja baadaye.

Unamkumbuka yule soja wa ghorofa iliyo nyuma ya kibanda changu, mtu wa Busia? Kila asubuhi akitoka zamu ananunua chai na mandazi mawili, anageukia ukuta, anakunywa. Miezi na miezi nilimwambia "Mungu akubariki," naye akauitikia ukuta "amina." Siku moja mafua yalinibana, sisikii ladha ya kitu. Nikamwambia, "Mzee, hebu nionjee hii chai. Sukari imetosha?" Akageuka. Akaonja, akafumba macho, akameza polepole. "Tangawizi imezidi, mama."

Tangu siku hiyo ndiye mwonjaji wangu, tena mkali ajabu. Majani ya chai ya bei nafuu anayajua kwa harufu tu. Nikaja kujua ana mke nyumbani, na mjukuu ambaye hajawahi kumshika. Usiku huongea na paka wa getini, anasema, asije akaisahau sauti yake mwenyewe. Mwezi wa nne mkewe akalazwa. Alfajiri hiyo alinikuta sijawasha jiko. "Mama, wewe huomba, sivyo? Basi mwombee huyu." Tukaomba tukiwa tumesimama, kiberiti kikiwa bado mkononi mwangu.

Bado hajaokoka, kama lile daftari lenu la ushuhuda linataka hesabu. (Hilo daftari mimi silipendi, na siku nyingine nitakwambia kwa nini.) Jumapili iliyopita alikuja kanisani, akakaa nyuma karibu na mlango, akalala mahubiri yote. Mtu ametoka zamu ya usiku, utamlaumu? Mkewe ameruhusiwa kwenda nyumbani, anatembea kwa fimbo.

Sasa kesho, Biblia iache ndani ya mkoba. Pitia kwa wale wa mahindi choma, nunua moja kubwa, halafu mwombe yule mzee akusogezee nafasi benchini. Livunje katikati. Usiseme mengi. Jioni unipigie uniambie anaitwa nani.

Mamako