Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Nawasalimu. Kazi za kawaida mnazijua, sitazirudia kwa kirefu. Tulikusanya maganda ya mpunga Butaleja, mashariki mwa Uganda, ambayo tukiyachoma hutupa unga wa silika, tukafundisha vijana mara 2, walimu wa kemia walitutembelea kutoka Mbale, na Agosti tulimzika mwenzetu mmoja, Mungu amrehemu. Mikutano 12 ilipangwa, 7 tu ndiyo iliyofikisha akidi.

Niingie kwenye suala la oveni niliyoinunua kwa fedha za kiwanja, maana ndilo lililozua maneno.

Ni kweli shilingi 3,400,000 zilitoka kwenye akiba ya kiwanja, na sahihi ni yangu na ya mweka hazina. Wanaosema sikumwuliza mtu wakumbuke kwamba mkutano wa Mei niliuitisha mara 2, na waliofika walikuwa 9 kati ya 38. Muuzaji hakuwa wa kutusubiri. Nauli ya kuileta kutoka Tororo niliitoa mfukoni mwangu, na sijaidai.

Kwa nini oveni? Miaka 3 tumekoroga unga wa silika ndani ya rezini, yaani plastiki ya majimaji inayoganda ikawa ngumu, kwa mwiko. Kila aliyeushika mwiko ule anajua: ukizidisha unga kidogo tu, rezini inakuwa nzito kama ugali, unga unafanya mabonge, na kibao kilichotokana nayo kinavunjika palepale penye bonge. Chembe zenye ukubwa wa makumi machache ya nanomita (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita) hung'ang'aniana, na mwiko hauzitenganishi hata angekoroga nani.

Njia ninayoitetea inaanza na unga wenyewe. Unatandazwa uwe tabaka lenye vitundu, kisha plastiki inaingia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, waliichapisha mwaka 2015, kwa hiyo si ndoto yangu kama ilivyosemwa. Kioo kinapakwa polistirini, ambayo ni aina ya plastiki, inakauka. Juu yake inamiminwa silika iliyo ndani ya maji, nayo inakauka. Chembe za duara zikirundikana ovyo hujaza kama asilimia 64 ya nafasi, na panapobaki ni vitundu vilivyoungana. Polistirini hulainika karibu na nyuzi 100 za Selsiasi. Ukiipasha zaidi ya hapo inapanda vitunduni kama mafuta ya taa yanavyopanda katika utambi, ila pole pole: kupanda mara 2 zaidi kunataka muda mara 4. Jiko la mkaa haliwezi kushika joto moja kwa saa zote hizo. Ndiyo sababu ya oveni, na ndiyo sababu tokeni za Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, zilikwisha haraka Julai na Agosti.

Tabaka za vioo 11 vya kwanza zilipasuka kama tope la kiangazi, na picha zake zilikuwa zimeshasambaa kwenye kikundi cha WhatsApp kabla sijafika nyumbani. Tulikuwa tumezipaka nene mno. Zikikauka, zinajivuta na kuchanika. Kioo cha 12 nilikipaka mimi mwenyewe usiku, tabaka jembamba. Kabla ya kukiingiza nilikigusa pembeni, kidole kikatoka na unga mweupe kama chaki. Baada ya saa 6 kwa nyuzi 150 ule ukungu ulikuwa umepungua, nikaona mistari ya kiganja changu upande wa pili. Nikakikwaruza kwa ukucha. Hakikutoka kitu.

Kwa wanaochoma maganda nyumbani, nawasihi: moto usipite nyuzi 700. Silika ikigeuka fuwele, vumbi lake linaharibu mapafu, na barakoa zipo ofisini bure.

Sasa ada. Ni shilingi 10,000 kwa mwezi, bei ya kurudi mjini kwa bodaboda mara chache. Waliolipa mwaka mzima ni 13. Deni la wengine jumla ni shilingi 2,150,000, karibu thuluthi mbili ya bei ya oveni hiyohiyo inayolalamikiwa. Benki tumebaki na 412,000. Inaniuma kwamba sauti kubwa zaidi kuhusu kiwanja zinatoka kwa watu ambao hawajalipa tangu Februari.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kupaka vibao vikubwa zaidi, kupata soko, na kurudisha akiba ya kiwanja hali ikiruhusu.

Mkutano mkuu ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa 4 asubuhi, ukumbi uleule. Kioo cha 12 nitakuja nacho, kila mtu akikwaruze kwa ukucha wake.

Mwenyekiti