Fowili haishiki? Usikimbilie kununua mota ya difu

Lalamiko linalojirudia kwenye karakana yetu ni hili: mteja amenunua pikipiki ya matairi manne iliyotumika, fowili (mfumo wa kuvuta kwa tairi zote nne) haishiki, amefunga mota mpya kwenye difu ya mbele (boksi la gia linalogawa nguvu kwa tairi za mbele), na bado haishiki. Akija kwetu anaona tunamwonea tukimtoza hela ya kupima. Lakini kupima ndiyo kazi yenyewe, maana mara nyingi mota aliyoitoa ilikuwa nzima.

Kwanza jua mfumo ulio nao. Pikipiki nyingi zina mota ndogo ya umeme inayosukuma kola (pete yenye meno) ndani ya difu ili meno yashikane. Hapo unaweza kusikia mota ikilia na bado tairi za mbele zisivute, kwa sababu meno hayajakaa sawa. Isogeze pikipiki mbele kidogo, itaingia. Pikipiki nyingi za kampuni ya Polaris hazina mota hiyo. Zina koili ya sumaku na rola (vyuma vidogo vya mviringo vinavyobana ili tairi zivute), na tairi za mbele huvuta pale tu za nyuma zinapoteleza. Anayeijaribu kwenye lami kavu atasema ni mbovu ilhali haina kosa.

Sisi huanza kwa kuinua tairi zote nne juu ya stendi imara, gia nyutro, ufunguo na swichi ya fowili vimewashwa, ila injini haijawashwa. Zungusha tairi ya nyuma kwa mkono na uangalie propela ya mbele (shafti inayopeleka mzunguko kwenye difu ya mbele). Propela ikizunguka na tairi za mbele zikakaa kimya, tatizo liko kwenye difu au umeme wake. Propela isipozunguka, achana na umeme kabisa: tazama meno ya propela, huenda yameliwa yakabaki laini.

Kwenye umeme, anza na fyuzi na betri. Betri iliyojaa na kutulia husoma volti 12.6 hivi, ikiwa chini ya 12, ichaji kabla ya kulaumu kitu kingine. Kisha chomoa plagi ya waya pale difu. Hapa ndipo kazi nyingi huishia: pini zimeota kutu ya kijani, na udongo umejaa hadi ndani ya mpira wa kuzuia maji. Usipime kwa multimita (kipima umeme) peke yake. Waya uliobakiwa na uzi mmoja utaonyesha volti 12 vizuri tu, ukiubebesha kazi unakufa. Unganisha balbu ya wati 21 kwenye plagi hiyo. Ikiwaka hafifu, fuata waya hadi shingo ya usukani, maana hapo hukunjwa kila unapokata kona. Koili ya Polaris ipime ukinzani: karibu omu 24 ni nzima, ikisoma chini sana imeungua kwa ndani, isiposoma kabisa imekatika.

Njia ya mkato inayotuumiza roho ni kuvuta waya kutoka betri moja kwa moja hadi kwenye mota. Siku hiyo fowili inashika, mteja anafurahi. Lakini umeme wa kawaida wa mota hukatwa na swichi zake inapofika mwisho. Ukiziruka, mota inaendelea kusukuma ukuta mpaka iungue au gia zake zikatike meno. Kazi iliyokuwa ya kusafisha plagi inageuka kununua mota.

Oili nayo. Legeza nati ya kumwagia na udondoshe kidogo kwenye kitambaa cheupe. Ikiwa kama maziwa, maji yameingia, ama kwa sili (mpira wa kuzuia oili isivuje) au kwa mpira wa kupumulia uliochomoka. Ikiwa na vipande vya chuma unavyoweza kuvishika, difu ifunguliwe. Difu nyingi za mbele hazichukui hata nusu lita, kwa hiyo kubania hapo hakuna maana. Kwenye difu za rola, weka oili iliyotajwa na mtengenezaji. Nzito mno huzifanya rola zichelewe au zisishike.

Pima pia tairi. Ukibadilisha za nyuma tu ukaweka kubwa zaidi, mbele na nyuma hazitakwenda kwa uwiano ule uliopangwa, na propela na difu ndizo zitakazobeba mzigo huo.

Ukituletea, njoo na kile kifaa cha zamani ulichokitoa, tukipime bure. Na difu usiioshe kwanza: alama za oili juu ya vumbi hutuonyesha sili ipi inavuja.