Tovuti haijaharibika, ni pale pa kuandikia tu pamebadilishwa sura

Kama ofisi yenu huweka matangazo kwa WordPress, ile programu ya kuendeshea tovuti, na leo umefungua ukakuta vitufe haviko pale ulipovizoea, usiingiwe na wasiwasi, hamjahakiwa wala hakuna kilichofutwa. Sisi tunaotunza tovuti simu za aina hii twazipokea sana siku hizi, kutoka ofisi za klaringi, mahoteli ya Bamburi, hata mashule, na swali ni lile lile, kile kimstari cha vitufe kama cha Word kimeenda wapi?

Mabadiliko yenyewe si ya jana. WordPress 5.0 ilitoka Disemba 2018 ikaja na editor mpya inaitwa Gutenberg, humo kila aya, kila picha, kila kichwa ni bloku yake, lakini palikuwa na plagini (programu ndogo ya kuongezea) ya Classic Editor, ya kurudisha sura ya zamani, ndo ikawafanya wengi wabaki kule kule kwa zamani miaka yote hii. Sasa tunavyozipandisha toleo tovuti za wateja moja moja, watu ndo waiona sura mpya kwa mara ya kwanza, tena kazi imebana.

Kinachosumbua kuliko vyote ni kuchapisha. Zamani ulikuwa wabonyeza Publish mara moja basi, tangazo liko hewani. Sasa ukibonyeza, yafunguka paneli pembeni yakuuliza kama uko tayari, na juu yake pana Publish nyengine, hiyo ya pili ndiyo yenyewe. Mtu amebonyeza ya kwanza, amefunga laptopu ameenda zake akajua ameshamaliza, kumbe lile tangazo la ofisi kufungwa Idi bado ni drafti na wateja wanakuja kugonga mlango. Kwa hivyo kabla hujaondoka subiri mpaka uone limeandikwa limechapishwa, kisha lifungue kwa simu yako ulitazame kama mteja.

La pili ni paneli ya kulia. Ina tabu mbili, yaani vichupo vya kubonyeza, moja ya ukurasa mzima na moja ya bloku uliyoishika, na ukigusa aya yoyote yenyewe yaruka kwenda ya bloku, ndo maana mtu asema kategoria zimepotea na pahali pa kuweka ile picha kubwa hapaoni. Havijapotea, rudi tabu ya kwanza. Na tangu WordPress 6.2, ya Machi 2023, hata hiyo tabu ya bloku imegawanywa, mipangilio upande mmoja na rangi na fonti upande mwengine, kwa bloku nyingi.

Halafu vile vitufe vya boldi na linki. Havikai tena juu, vyaelea karibu na bloku, na ukiwa waandika vyajificha mpaka usogeze mausi. Hapa nasema wazi sikubaliani na waliobuni, kitufe ambacho mtu hakioni kwake hakipo, na makarani wetu wengi watumia laptopu ndogo, wengine macho yashachoka. Dawa yake ni vidoti vitatu juu kulia, chagua 'Top toolbar' na vitufe vitatulia juu. Papo hapo zima 'Fullscreen mode', hiyo tangu 5.4 ya 2020 hujiwasha yenyewe na ndo inayoficha menyu yote ya kushoto. Kama tovuti yenu iko chini ya 6.1, mpangilio huo hukaa kwa brauza, ukihamia kompyuta nyengine itabidi uweke tena.

Lakini kurudi Classic Editor moja kwa moja siwashauri, hata kama hilo ndo la kwanza mtu aniombalo. Kwenye ile ya zamani watu walizoea kukoza maandishi wakayaita kichwa, kwa jicho yapendeza lakini asiyeona, anayesomewa ukurasa na simu yake, hawezi kuruka kutoka kichwa hadi kichwa kwa sababu vichwa vyenyewe havipo, ni aya zilizokozwa tu. Ukitumia bloku ya kichwa, chagua H2 kwa sehemu kubwa na H3 kwa zilizo ndani yake, na jina la ukurasa liachie H1, kichwa cha juu kabisa, simu yake itavitambua na Google vile vile. Kurasa zenu za zamani ziko salama, zafunguka kama bloku moja kubwa na pana kitufe cha kuzigawanya, ila chukueni bekapu kwanza, maana zenye majedwali wakati mwengine huvurugika.

Kwa wateja tunaowahudumia, tunakuja ofisini tunakaa na yule anayeandika, si bosi, tunampangia skrini yake na anachapisha tangazo la kweli sisi tukiwepo. Hakuna malipo ya ziada kama tovuti tunaitunza sisi. Tupigieni simu mapema kidogo, na msichague mwisho wa mwezi, najua nyote mko na invoisi.